Nilivyoona Haya Kumwonya Mwalimu Wangu

Juzi niliingia kwenye duka la pembejeo hapa Sumbawanga kununua dawa ya kuku. Kijana wa dukani akaniamkia vizuri, "Shikamoo Bibi," nikaitikia. Mbele yangu alikuwepo mkulima, mtu mzima, anauliza namna ya kutumia dawa ya kuhifadhi mahindi. Kijana akamkabidhi pakiti na kumwambia, "Mzee, maelezo yako hapo nyuma. Mengine ni akili ya kawaida tu."

Mzee akatia pakiti mfukoni, akatoka. Nikamfuata nje kwa mwendo ambao magoti yangu hayajauzoea siku hizi. Nilimsimamisha juani karibu robo saa, namwuliza mahindi atayaweka wapi, atalala wapi, wajukuu wanalala wapi, kuku wanalala wapi. Niliporudi kuchukua dawa yangu, nikamsikia kijana anamwambia mwenzake, "Mshikaji, huyu Bibi ni noma."

Ni kweli, mimi ni noma. Sikuzaliwa hivyo, nilifanywa hivyo na jambo moja lililotokea kijijini Msanzi, na ninawaandikia ninyi mnaofungua maduka ya dawa za mazao ili msije mkafundishwa kwa njia niliyofundishwa mimi. Lakini niache nianze na ghala, maana huko ndiko nilikojifunzia kazi, na ndiko nilikojifunzia kiburi.

Niliajiriwa ghalani nikiwa msichana nimetoka shule. Ghala lilikuwa la serikali, mali ya chombo cha kununua mazao, na mahindi ya Ufipa yote unayoyajua yalipita pale. Msimamizi wetu aliitwa Mzee Kalisti, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti kama ya katekista. Yeye ndiye aliyenifundisha kujua mahindi makavu bila mashine. Unazamisha mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko. Yakiwa makavu mkono unaingia wenyewe, na punje zinalia. Yakiwa mabichi yanakushika kama matope. Ukiwa na shaka, chukua chupa kavu ya soda, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, halafu acha itulie. Chumvi ikibaki imeng'ang'ania kwenye kioo, mrudishie mwenye mahindi akaanike. Chumvi ikianguka chini yote, pokea. Jambo hilo ni dogo, lakini limeokoa magunia mengi.

Mzee Kalisti alikuwa na tabia moja iliyotuchosha. Kila mtu aliyeingia ghalani, hata mpakizi aliyefanya kazi pale miaka kumi, alimsomea maneno yale yale: usivute sigara, usilale juu ya magunia, ukiona magunia yamefunikwa kwa turubai lenye alama ya fuvu usisogee, ukisikia harufu toka mbio, usiulize. Tulimwita Kasuku. Wapakizi walikuwa wakimaliza sentensi zake kwa pamoja, kama watu wanaojibu sala. Yeye hakujali, alianza tena.

Ilipofika zamu yangu ya kufundishwa kupiga dawa, nilijiona msomi. Ile dawa ilikuwa vidonge. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi taratibu, na gesi hiyo huua dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, huua panya, huua na mwenye panya. Mzee Kalisti akanipa maski ya kuvaa usoni. Nikaivaa upesi kuonyesha kwamba wasichana nao wanaweza. Hewa haikuingia. Nikafikiri ndivyo maski zilivyo, mtu anatakiwa avumilie. Nikavumilia mpaka nikaona nyota, nikakaa chini mbele ya wapakizi wote. Mzee akanivua, akanionyesha kifuniko cha kichujio ambacho sikukitoa.

"Ulifikiri ni nini hiki?" akauliza.

"Nilifikiri ni urembo, Mzee."

Walicheka mpaka wakaegemea magunia. Yeye peke yake hakucheka. Alisema, "Kosa ni langu, sikukwambia." Wakati huo nilidhani ananifariji.

Alikuja pia bwana mmoja kutoka makao makuu, mwenye digrii, akakuta tumeacha upenyo kati ya mahindi na ukuta, mtu anaweza kupita. Akasema tunapoteza nafasi. Mzee Kalisti akaanza kumweleza kwamba kwa baridi ya huku kwetu kuta za ghala hutoka jasho, bwana akamkatiza. Tukaamriwa kusogeza magunia mpaka ukutani. Mwezi wa saba, baridi ilipochachamaa, magunia ya pembeni yalianza kuota. Tuliona majani mabichi yanachungulia kwenye katani kana kwamba tumepanda. Yule bwana hakuwa mjinga. Alikotoka yeye, ukuta hautoki jasho.

Basi, nyakati zikageuka. Biashara ikawa huria. Mtu ambaye jana aliitwa mlanguzi na kukimbizwa na mgambo, leo ni mfanyabiashara, anaingia Ufipa na lori lake mchana kweupe. Ghala letu likapungukiwa na mahindi, halafu likapungukiwa na watu. Nilikuwa miongoni mwa tuliopunguzwa. Nilikuwa na cheti cha kupiga dawa, ujuzi wa chupa ya chumvi, na watoto wawili. Nikaanza kuzunguka magulioni na sanduku la bati, nauza dawa za mazao. Leo Kaengesa, kesho kutwa Msanzi. Watu walinipenda kwa sababu nilikuwa najua ninachouza, tofauti na wale waliouza dawa ya mahindi pamoja na nyembe na pipi.

Zamani mkulima alivuna, akapeleka mahindi ghalani, tukahangaika nayo sisi. Sasa kila mtu alitaka kuyaweka nyumbani asubiri bei ipande, na dumuzi naye alikuwa anasubiri. Kwa hiyo wote waliulizia vile vidonge. Vidonge vile havikuwa vya kuuziwa mtu hivi hivi. Ilitakiwa anayejua aende mwenyewe, afunike, asimamie, afunue. Mimi nilikuwa na cheti cha kuvitumia, si cha kuviuza. Lakini nilikuwa na makopo machache ya vidonge hivyo, na wateja wengi, nikawa nampa yule ninayemwamini kwamba ana akili.

Siku moja ya gulio Msanzi, mwezi wa sita, akaja Mwalimu Festo.

Lazima niwaeleze Mwalimu Festo alikuwa nani. Alinifundisha darasa la kwanza mpaka la nne. Ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu, Yustina, kwa chaki iliyobaki kipande kama jino. Alipostaafu alijenga Msanzi, nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, yenye madirisha ya vioo na dari ya mbao. Watu walimpelekea kesi za mipaka na za ndoa, na akisema jambo lilikuwa limekwisha. Ukitaka kumsifu mtu pale Msanzi ulisema, "Ana akili kama Mwalimu."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Yustina mwanangu. Nasikia wewe ndiye daktari wa mahindi."

Akataka vidonge kwa ajili ya magunia nane. Nikampa. Nikamwambia, "Mwalimu, weka mahali pasipopita hewa kabisa, ufunike vizuri."

Nikanyamaza hapo. Maneno yaliyofuata niliyajua kwa moyo, niliyasikia kwa Mzee Kalisti miaka yote ile. Usilale karibu. Usiweke ndani ya nyumba wanamokaa watu. Ukisikia harufu toka. Yalinifika kwenye ulimi, nikayameza. Ningemwambiaje mwalimu wangu asilale na sumu? Ingekuwa kama kumwambia asitie mkono kwenye moto. Nikasema tu, "Mengine unajua mwenyewe, Mwalimu."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Halafu akashukuru, akaenda.

Jioni ile nilibaki Msanzi kwa dada yangu. Asubuhi, jua linatoka na ukungu bado umelala mashambani, tukasikia mayowe. Mtoto wa jirani akapita mbio akisema, "Kwa Mwalimu watu wanakufa!"

Nilikimbia bila viatu. Yaliyotokea kabla sijafika nilisimuliwa baadaye na Mama Kabula. Huyu alikuwa mama wa Kisukuma. Familia yao ilihamia na ng'ombe miaka michache nyuma, na kila asubuhi alipeleka maziwa kwa Mwalimu. Asubuhi hiyo alimkuta mke wa Mwalimu, Mama Leonia, amekaa kwenye kizingiti cha jikoni anatapika, hawezi kusema. Nyuma yake, humo jikoni walimolazwa kuku kwa sababu ya baridi, kuku saba walikuwa wamelala chali. Paka naye alikuwa kando ya mafiga, amekauka.

Majirani wawili walifika. Wakafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Ufipa angelifanya mwezi wa sita. Walimwona mgonjwa anatetemeka, wakasema, "Tumrudishe ndani kitandani, tumfunike." Walikuwa wameshamwinua.

Mama Kabula akakitupa kibuyu cha maziwa, akawasukuma. "Asirudi ndani! Nyumba ndiyo inaua!"

"Mama wewe, huyu ana baridi."

"Kuku wana baridi? Paka ana baridi? Mtoeni uani!"

Akazunguka nyuma ya nyumba na fimbo ya kuchungia, akavunja kioo cha chumba cha kulala, kisha cha pili. Akawaambia wanaume wasukume mlango wa mbele. Halafu akavuta pumzi, akaibana kama anayepiga mbizi, akaingia, akatoka na mjukuu wa Mwalimu, Sese, binti wa miaka mitano. Wanaume wawili wakafanya kama yeye, wakamburuta Mwalimu kwa shuka lake. Nasema hivi si ili mmwige. Wangeweza kubaki mle wote.

Mimi nilifika wakati wanamlaza Mwalimu kwenye majani. Harufu ikanikuta uani. Kwa wasioijua, ni kama kitunguu saumu kilichochanganywa na samaki wa kutoka ziwani Wampembe aliyechelewa barabarani. Niliijua kabla sijauona uso wa mtu yeyote. Kijana mmoja alikuwa anarudi ndani kumtafutia Mwalimu viatu. Nilimkamata kwa shati nikampiga kelele, hata nikamrarua mfuko. Hakuingia mtu tena.

Sese alikuwa anapumua kwa shida, midomo imekuwa rangi ya jivu. Barabarani palikuwa na lori la wanunuzi wa mahindi linapakia. Dereva alipoona tunavyokuja na wagonjwa mikononi hakuuliza maswali. Alisema, "Pandisheni," na nusu ya mzigo wake ikabaki pale pale chini.

Njia nzima mpaka hospitali mjini nilimshika Sese kwenye mapaja, kichwa chake kikielekea kwenye upepo. Watu waliokuwa nyuma ya lori wakaanza kutafuta sababu. Mmoja akasema ni jiko la mkaa, kwa baridi hii lazima Mwalimu aliwasha jiko chumbani. Mwingine akasema ni chakula. Bibi mmoja akataja uchawi, kwa sababu ya zile kesi za mipaka. Hakuna aliyetaja mahindi. Hakuna aliyenitazama. Ikawa wazi kwangu kwamba nikinyamaza, litaandikwa jiko la mkaa, na mimi nitaendelea na sanduku langu.

Hospitali, mganga akauliza, "Walikuwa na jiko ndani?"

Watu watatu wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mkaa."

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Si mkaa. Ni dawa ya mahindi, ile ya vidonge vya gesi. Nilimuuzia mimi jana."

Mganga hakunigombeza, hakuwa na muda huo. Aliniuliza vidonge vingapi, tangu saa ngapi, nani alilala wapi, akaandika, akaanza kazi. Baadaye aliniambia kwamba kama angeendelea kufikiria mkaa au chakula angewaangalia kwa macho mengine. Sese alikaa kwenye hewa ya mtungi siku mbili. Siku ya tatu aliomba uji, akaunywa, akaomba mwingine. Mama Leonia alipona polepole. Mwalimu alitoka mwisho, na kifua chake hakikuwa tena kile cha mtu aliyepaza sauti mbele ya mkutano.

Uongozi wa kijiji uliniita, makopo yaliyobaki yakachukuliwa, nami nilikabidhi bila neno. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kwenda kumwona.

Nilimkuta amekaa nje juani, blanketi mabegani, na vioo vipya vimeegemezwa ukutani vikisubiri fundi. Nikapiga magoti.

"Inuka," akasema. "Kaa kwenye kigoda. Sasa nieleze. Nilifanya kosa gani?"

"Uliyaweka mahindi chumbani, Mwalimu."

"Ndiyo. Wewe ulisema mahali pasipopita hewa. Ghala langu la nje ni la fito, lina matundu kila upande. Nikazunguka nyumba yote na mshumaa, naangalia mwali unapotikisika. Chumbani haukutikisika hata kidogo. Nikayapanga humo, nikafunika, nikaziba na chini ya mlango kwa gunia. Sese tukamleta humo kwa sababu ya baridi. Mtu gani angefikiri vizuri kuliko hapo?"

Alikuwa amefuata maneno yangu hatua kwa hatua, kwa akili yote aliyokuwa nayo.

"Kwa nini hukuniambia yaliyobaki, Yustina?"

"Niliona haya, Mwalimu. Niliona nitakuwa nakudharau."

Akakohoa kwa muda mrefu. Halafu akasema, taratibu, "Na mimi nilitaka kukuuliza. Pale gulioni nilikuwa na swali mdomoni, kama dawa hii inadhuru watu. Nikasema, nitamuulizaje mtoto niliyemfundisha kuandika jina lake? Atasema Mwalimu amezeeka. Nikaenda zangu na swali langu."

Mama Kabula akaja na maziwa, akatukuta wote wawili tunatazama chini. Nilimwuliza yeye alijuaje. Akashangaa swali lenyewe.

"Sikujua kitu mimi. Kule tulikotoka, tulipoteza ng'ombe wengi kwenye bonde moja. Baba alisimama kushangaa waliokufa, huku wengine wanaendelea kula majani yale yale. Ndipo akatuambia: wakianguka, hamisha waliosimama, kushangaa baadaye." Akamimina maziwa. "Kama Baba asingepoteza ng'ombe, hata mimi ningemfunika Mama Leonia blanketi."

Vijana, nimewaza jambo hili kwa miaka mingi na nimefika mahali siogopi kulisema kwa sauti. Ile mnayoiita akili ya kawaida ni maneno ambayo mtu fulani aliwahi kuambiwa, naye amesahau aliyemwambia. Hivyo mweleze mteja yote. Mweleze profesa, mweleze padri, mweleze mkwe wako. Kisha mwambie akurudishie kwa mdomo wake. Akichukia, atachukia akiwa mzima.

Mwalimu ndiye aliyetaka mkutano. Siku ya gulio iliyofuata alituma watu waitwe shuleni, darasa likajaa, wengine wakachungulia madirishani. Nikafikiri atasimama yeye. Badala yake alinipa chaki, akaenda kukaa dawati la mbele kabisa, magoti yamemfika kidevuni. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nikaanza kusema: vidonge hivi vinatoa gesi, gesi haionekani.

Mkono ukanyooshwa mbele. "Naomba kuuliza, Mwalimu."

Aliyesema ni Mwalimu Festo, ananiita mimi Mwalimu.

"Uliza," nikasema.

"Nikiacha dirisha wazi kidogo, naweza kulala humo?"

"Hapana."

"Nikilala chumba cha pili?"

"Hapana. Si kwenye nyumba hiyo."

Watu wakacheka kidogo. Hakugeuka kuwatazama. Akanyoosha tena. "Na nikiweka uvunguni nikafunika na blanketi mbili?"

Sasa walicheka sana, naye akawaacha wacheke. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anauliza maswali ambayo kila mtu mle ndani alikuwa nayo na hakuna aliyethubutu kuyauliza. Akauliza kuhusu kuku, kuhusu mbuzi, kuhusu majivu yanayobaki vidonge vikishatoa gesi, kuhusu siku ngapi kabla ya kusaga. Kila swali lilikuwa la kijinga kuliko lililotangulia, na kila lilipojibiwa niliona mtu mmoja au wawili wanatazamana.

Kisha nyuma kabisa, karibu na mlango, mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie.

"Mimi ninavyo uvunguni," akasema. "Niliuziwa gulio la Matai. Nimefunika asubuhi hii. Mama mkwe amelala humo, anaumwa miguu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Festo alishajichomoa kwenye dawati, blanketi lake limeanguka, amefika mlangoni. "Nyumba ipi?" akamwuliza, na yule mama akaonyesha kwa kidole bondeni, tukatoka darasani wote nyuma yake, tukikimbia.